Sahani Kubwa za Baba

Nyumbani kwetu Majengo, Thika, tulikuwa na televisheni ambayo haikuwahi kuonyesha taarifa ya habari hata siku moja. Jirani akija kuuliza serikali imesema nini, aliambiwa ajaribu nyumba nyingine. Wengi walidhani tunawanyima. Ukweli ni kwamba televisheni yenyewe ilitengenezwa kwa matumizi ya Japani, na stesheni yetu ya hapa ikiingia humo ilikuwa michirizi mitupu inayokoroma. Ilikuwa na kazi moja tu, kuonyesha sahani.

Sahani ndilo jina tulilozipa. Kila moja ilikuwa na upana wa sinia la chai, inang'aa pande zote mbili, na ndani yake mlikuwa na filamu. Zilikuwa tisa. Baba alizipata pamoja na televisheni, mashine ya kuzichezea, na kisanduku kizito cha kupunguza nguvu za umeme, kutoka kwa injinia Mjapani aliyekuja kufunga mitambo mipya katika kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba. Walikuwa pamoja miaka mitatu, baba akimpokeza spana na kulala naye chini ya mitambo. Mkataba wa injinia ulipoisha hakutaka kubeba mizigo, akampa baba vyote. Vililetwa nyumbani kwa mkokoteni, baba akitembea kando na mkono juu ya kisanduku, kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu mwenye uwezo mjini kwetu alikuwa na deki, na kanda alizikodi dukani. Baba aliwaonea huruma watu hao. Alisema kanda inakwaruzika, inaliwa na mashine, inaota ukungu, na ukiimaliza lazima uirudishe nyuma kwanza. Sahani haiguswi na kitu ila mwanga. Aliwaambia wenye deki pale barazani kwamba wasubiri miaka miwili au mitatu, watakuwa wanazitafuta sahani na hawazipati. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilimwamini kabisa, kwa sababu picha yetu kweli ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote niliyemjua.

Shida ilikuwa kwamba filamu zote zilisema Kijapani, bila maandishi chini. Kwa baba hiyo haikuwa shida. Alijihesabu kuwa anajua Kijapani. Alikijua cha karakana: lete, shika, ngoja, kaza, legeza, mafuta, hatari, kesho, asante. Kwa maneno hayo yeye na injinia walijaza ukumbi mzima wa mitambo na hakuna hata mmoja uliokataa kuwaka, basi akaona lugha ndiyo hiyo na imekwisha. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri sebule yetu ilijaa majirani, na baba alisimama kando ya televisheni akatufasiria. Watu wa mapanga wakigombana uwanjani, baba alitueleza kwamba mmoja analalamika mwenzake hakukaza kitu vizuri. Bibi wa jumba kubwa akimnong'oneza mtumishi, baba alisema anaulizia mafuta. Filamu za Japani kama alivyozieleza baba zilikuwa na matengenezo mengi sana, na sisi tulizipenda hivyo hivyo.

Filamu ilikatika katikati, sahani ikabidi igeuzwe upande wa pili. Hapo ndipo ilipoingia chai. Baba aliitoa sahani kwa viganja, akizishika kingo tu, na sebule nzima ilinyamaza mpaka irudi mahali pake, kwa maana sote tulijua ikianguka hakuna nyingine. Kisha mama aliingia na birika, majirani wakaanza kubishana ni nani mwenye haki katika ile filamu, na baba akaulizwa maswali kama shahidi aliyekuwepo. Nadhani niliipenda ile nusu saa ya kugeuza sahani kuliko filamu zenyewe.

Sasa mimi nina tabia moja mbaya: siwezi kuona kosa nikaliacha. Leo mimi ni mwalimu na ninalipwa kwa tabia hiyo, lakini wakati huo niliifanya bure. Nilipofika kidato cha pili niligundua nyuma ya jalada moja mistari minne ya Kiingereza, nikaisoma kwa sauti mbele ya watu. Yule ambaye baba alikuwa akituambia ni hakimu, jalada lilisema ni muuza sufuria. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Baba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akainama kugeuza sahani kabla haijafika mwisho.

Jioni mama aliniita jikoni. Mama alizaliwa Gatuanyaga, kwenye vumbi na mbuzi, akasilimu alipoolewa, na jina langu la Kiislamu alilitumia mbele ya wageni tu. Ndani ya nyumba aliniita maitu, yaani mama, kwa kuwa katika hesabu ya ukoo wao mimi ndiye mamake aliyerudi. Hakunifokea. Aliendelea kuchambua mboga, akasema, "Maitu, baba yako kiwandani anaambiwa lala chini, anaambiwa amka. Pale kando ya TV ndipo mahali pake pa kusimama. Wewe umuachie hapo." Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona sebuleni. Nikaapa sitamsahihisha baba tena, na kiapo hicho nilikishika kwa taabu kubwa.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Alimaliza shule akakaa nyumbani mwaka mzima, kisha akapata kazi ya utingo kwenye malori ya masafa marefu, yale yanayopeleka mizigo Uganda na Rwanda mpaka Zaire. Alituandikia barua tatu. Ya tatu ilisema wanavuka kuingia Zaire, barabara ni mbaya, tusihofu. Kisha vita vikazuka huko na barua ya nne haikuja. Mwenye malori alimwambia baba kwamba lori halikurudi, dereva hakurudi, na yeye hana habari zaidi. Mama hakulia mbele yetu. Ila aliacha kwenda kulala kwao Gatuanyaga, hata kukiwa na msiba, asije mtu akafika Majengo akakuta mlango umefungwa.

Kati ya zile sahani tisa kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyeijali. Haikuwa na mapanga. Mama mmoja mzee anaishi mlimani, mwanawe anachukuliwa vitani, na yeye anabaki peke yake analima na kuanika chini ya dari matunda fulani ya rangi ya chungwa ambayo hatukuyajua jina. Misimu inapita, anaanika tena. Mwishoni kijana mwenye ndevu, kofia imemshukia usoni, anapanda njia ya mlima mpaka mlangoni, anamkabidhi yule mama kifurushi cha kitambaa, wanasemezana kidogo, na mama anapiga magoti analia. Baba alikuwa akiieleza mbio mbio huku watu wakisinzia. Yule kijana wa mwisho alikuwa ni "mgeni mmoja", na kifurushi kilikuwa "vitu vya huko."

Jumamosi moja, miezi mingi baada ya barua ya tatu, nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu. Mama, ambaye hakuwahi kuomba filamu, aliomba iwekwe hiyo. Baba akaiweka. Kijana alipofika mlangoni, baba alimtazama mama kwanza, kisha akatuambia sote kwamba huyo ni mwanawe, amebadilika kwa taabu alizopata, lakini mamake amemjua kwa mwendo.

Nilifungua mdomo. Nilikumbuka vizuri kabisa kwamba alikuwa mgeni. Lakini mama alikuwa ameishika ncha ya leso yake, machozi yanamtoka, na uso umetulia kuliko nilivyouona tangu barua zikatike. Nikaufunga mdomo. Tangu siku ile hiyo ikawa filamu ya mama.

Baadaye kiwanda kilipunguza watu, na baba akawa mmoja wao. Akaanza kutengeneza cherehani barazani kwetu, kazi aliyoifanya vizuri na bila furaha. Nilielewa wakati huo kile mama alichokuwa ameniambia jikoni. Jumamosi ndiyo iliyombakia.

Lakini hata Jumamosi ilikuwa inapungua. Vijana walikuwa wamehamia kwenye vibanda vya video mjini, ambako kanda mpya ziliingia kila wiki, na sisi tulikuwa na sahani zile zile tisa. Baba aliifunga moja kwenye shuka, tukaenda naye Nairobi kutafuta za kuongezea. Duka la kwanza walisema waliwahi kuwa nazo kidogo, hazikununuliwa, wakazirudisha zilikotoka. Duka la pili walimuuliza kama ni pambo la kuweka ukutani. Tuliporudi nyumbani alisimulia habari za duka la kwanza tu, nami nikamuachia. Sebuleni tukabaki sisi wenyewe na wanawake watatu wanne wa jirani, wenzake mama.

Mwishowe mashine nayo ikafa. Sahani ilizunguka vizuri, tuliisikia, lakini televisheni ilibaki buluu. Fundi wa mjini aliifungua, akaichungulia, akasema jicho lake la mwanga limekufa na jicho kama hilo halipatikani, hata Nairobi, maana dunia imeachana na sahani hizo. Alisema kwa upole, lakini baba alikasirika, akamuuliza dunia gani hiyo. Mashine ilirudi nyumbani. Mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaweka chupa ya chai juu yake, nayo ikawa meza kama meza nyingine. Sahani baba aliendelea kuzipangusa kila mwisho wa mwezi kwa fulana laini, zote tisa, kisha akazirudisha kwenye majalada.

Mama hakulalamika. Alimuuliza tu baba mara kwa mara, wakimenya viazi au wakiota jua, yule mama wa mlimani alianika matunda mara ngapi kabla kijana hajafika. Baba alijibu ni mara tano. Mimi nilidhani ni mazungumzo tu ya watu wawili waliozoeana.

Nilipata kazi katika shule ya kibinafsi huko Mugutha, upande wa Ruiru, nikapanga chumba kimoja. Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, na ndipo zilipoingia sahani ndogo. Walimu wenzangu waliokaa mtaa wa Membley ndio waliokuwa wa kwanza kununua mashine zake, deki zao wakawagawia jamaa wa mashambani. Nami nikanunua, pamoja na televisheni kuukuu. Nilimpelekea baba sahani moja aione. Aliiweka kwenye kiganja akacheka kwa raha, akaniambia si alisema, si aliwaambia watu wa deki kwamba sahani itashinda. Kisha akachukua moja ya zake akaziweka pamoja mezani. "Imeshinda," akasema, "lakini wamezaa mtoto asiyefanana na babake." Akainuka akaenda kwenye cherehani zake, na sikujua nimfuate au nimuache.

Ijumaa moja baada ya shule nilisimama kwenye kibanda karibu na stendi ya Ruiru, pale kijana mmoja alipouza hizo sahani ndogo kutoka kwenye katoni. Nyingi zilikuwa za ngumi na mateke. Nilikuwa nazipekua bila kutafuta kitu, na mara nikaona mgongo wa mama mzee, njia ya mlima, na matunda ya rangi ya chungwa chini ya dari. Niliivuta nje ya rundo. Muuzaji aliniambia, "Sista, hiyo ni ya kizamani, haina mtu. Chukua mpya." Nikaichukua hiyo hiyo, nikaishika kwa mikono miwili kama baba.

Sikungoja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu, nikapigia duka lililo jirani na kwetu, nikaomba mama aitwe. Alipofika alikuwa anahema kwa kukimbia. Nilimwambia nimeipata filamu yake. Akasema tuitazame Jumamosi ya wiki ijayo, na kwamba atawaita wenzake wote, hata waliohama. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Nilirudi Mugutha nikitabasamu peke yangu njiani, na hapo tu, nikiwa nimekwisha kutangaza, ndipo nilipoiweka kwenye mashine na kuitazama.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi safu mbili. Moja ilikuwa ya Kichina. Ya pili ilikuwa Kiingereza.

Niliisoma filamu ile kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nyingi ya habari za baba zilikuwa hewa, hilo sikushangaa. Nilikuwa hata nacheka. Kisha kijana akapanda njia, akafika mlangoni, akavua kofia, na maandishi yakasema: Nilikuwa na mwanao mpaka mwisho. Aliniomba nikuletee nguo zake. Nilizima mashine. Nililia, halafu nikakasirika, kwanza na yale maandishi, kisha na mdomo wangu uliokimbilia simu kabla ya macho kuona.

Jumapili baba alikuja Mugutha na mfuko wa sukuma wiki, akitaka kujifunza namna ya kuendesha mashine mpya ili siku yenyewe asiaibike. Nilikuwa nimepanga kumdanganya kwamba sahani ina ufa. Nilipomwona amevaa kanzu yake safi kwa ajili ya kuja kufundishwa vitufe, uongo huo ukanishinda. Nikamwambia filamu hii ina maneno chini, na kwamba yanasema mambo mengine.

Nilitarajia afadhaike. Badala yake alivuta stuli mbele ya televisheni, akakaa, kofia yake magotini, akaniambia, "Nisomee. Miaka yote hiyo nimekuwa nikijiuliza wanasema nini."

Basi mimi nikasimama kando ya televisheni na baba akakaa. Nilimfasiria kila neno. Kila baada ya muda aliniuliza kuhusu mahali fulani, akalinganisha na alivyosema yeye. Pale kisimani alikuwa akisema yule mama anaomba kamba. Nilimwambia mama anasema mvua imechelewa. "Nilikaribia," akasema, na tukacheka wote wawili. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda saa ile, akiuliza bila haya kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Tulipofika kwenye njia ya mlima nikanyamaza.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Alitazama mpaka kioo kikawa cheusi, na hata baada ya hapo.

"Wallahi sikujua," akasema. "Nilitaka tu awe yeye. Nilimwona mama yako vile alikaa, nikasema acha awe yeye."

Nilimwambia najua. Akatikisa kichwa, akasema sijui. Ndipo akanieleza kwa nini mama huuliza juu ya matunda. Yule mama wa filamu alianika mara tano, kila mwaka mara moja, kijana akafika. Kaka yangu alikuwa na miaka mitatu tangu anyamaze. Mama alikuwa anahesabu. Juma lililopita tu alimwambia baba kwamba imebaki miwili, na alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja siku ya harusi. Baba akaweka uso wake viganjani. Alisema angetamani ile mashine ifufuke, na ile sahani kubwa isiyo na maandishi, watu waendelee na ujinga wao.

Hatukuweza kuahirisha, kwa maana wageni walikwisha kuitwa. Baba, ambaye maisha yake yote alitengeneza vitu, aliinuka akaikagua televisheni yangu. Aliniuliza kama maandishi yanatokea chini tu. Nikasema ni chini tu. "Basi tutaziba chini," akasema.

Jumamosi nilifika Thika mapema na mashine yangu kwenye begi. Televisheni ya Mjapani ilikuwa bado nzima, na kwa kubonyeza kitufe kimoja mashine mpya ilikubali kusemezana nayo. Mbele ya kioo baba akaiweka ile mashine kubwa iliyokufa, juu yake ndogo yangu, na juu ya zote kitambaa cha mama cha kufuma, kirefu, chenye maua pembeni. Sehemu ya chini ya kioo ilipotea kabisa. Ilionekana kama urembo. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha pili wakati huo na alisoma kila kitu kilichopita mbele ya macho yake, hata magazeti ya kufungia nyama. Nilikuwa nimepanga kumvuta kando nimueleze, lakini nilipokiona kitambaa nikaona hakuna haja.

Wanawake wakaja, wakakaa mkekani. Mama alikuwa amevaa leso mpya, amekaa mbele kabisa. Baba akasimama mahali pake na kuanza, na naapa hajawahi kueleza vizuri vile. Yale niliyomsomea Mugutha aliyachanganya na yake ya zamani, na kisimani alisema mvua imechelewa, na mama mmoja aliyetoka kulima akaitikia kwamba kweli, hata huku. Nusu ya kwanza ikaisha. Filamu ile ilikuwa imegawanywa kwenye sahani ndogo mbili, kwa hiyo chai ikaingia kama zamani, na baba akaulizwa maswali kama zamani, akayajibu. Nilimtazama nikafurahi kiasi cha kusahau hofu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni anakunja kitambaa. Aliivuta mashine kubwa pembeni, ndogo akaiweka sakafuni kwa uangalifu, akapangusa kioo kwa kiganja. Baba alimwambia aache, vitaanguka. Mama akasema havianguki, akasema vimeziba miguu. "Nataka kuona miguu yake akipanda," akasema. "Si ulisema alijulikana kwa mwendo."

Baba akaweka sahani ya pili.

Maandishi yakajaa chini, meupe, makubwa kuliko nilivyoyakumbuka. Wageni hawakuyajali, kwa kuwa hawakusoma Kiingereza, lakini mdogo wangu alisogea mbele akaanza kuyafuata midomo ikimchezacheza. Nilijaribu kumkonyeza lakini hakuniona. Baba aliendelea, sauti ikipungua. Matunda yakaanikwa mara ya nne, kisha ya tano, na mama akahesabu pole pole kwa vidole. Kisha kijana akatokea chini ya mlima.

"Sasa," baba akasema, "mnaona ile njia." Akaishia hapo.

Kijana alipanda. Miguu yake ilionekana yote, mpaka kwenye vifundo. Akafika mlangoni, akavua kofia, akasema yale aliyoyasema. Baba alikuwa anatazama ukuta. Watu waliomsikia akisema maneno hayo mara chungu nzima walisubiri, na yeye hakuweza. Mdogo wangu alisoma, akageuka kunitazama, macho yamemtoka, na nikaona mdomo wake unaanza kufunguka vile vile ulivyofunguka wangu siku ya muuza sufuria.

"Baba watoto, mbona umenyamaza?" mama akauliza. "Huyo ni nani?"

"Ni mwanawe, mama," nikasema. "Amerudi."

Nilisema kwa sauti ile ninayosomea darasani. Mdogo wangu akafunga mdomo. Baba akakaa chini kwenye ukingo wa kochi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya filamu ikiwa inaendelea. Wanawake wakamshukuru Mungu, mmoja akapangusa macho. Mama hakutazama kioo. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kama anayenipima, na nilijilazimisha nisiangalie pembeni.

"Baba yako huwa anaongeza chumvi," akaniambia pole pole, "na kwa hii filamu, maitu, nilikuwa simwamini sana. Nilikuwa najipa moyo tu. Lakini wewe umesoma, na huwezi kuacha kosa lipite. Kama umeona hapo chini wameandika ni yeye, basi ni yeye."

Akageukia televisheni, akakaa sawa, akaniomba niirudishe nyuma kidogo, pale anapoanza kupanda. Nikairudisha.